Dume mdogo si mtoto: tumtenge mapema

Katika Masisi na Walikale, mbuzi ndiye banki yetu: minerval ya watoto, hospitali, mahari. Lakini wafugaji wengi wanauliza: juu ya nini mbuzi wetu wanazidi kuwa wadogo kila mwaka? Mara nyingi kosa si majani. Ni dume tunayemwona bado mtoto.

Anakomaa lini?
Kuanzia miezi 3 au 4, korodani zinakua na kutoa homoni inayoitwa testosteroni. Hiyo ndiyo inaleta harufu kali, kupigana, kukojolea ndevu zake, na kukunja mdomo wa juu akisha kunusa mkojo wa jike. Kwenye miezi 4 au 5 anaweza kutia mimba: dada yake, hata mama yake. Ukoo unadhoofika. Na jike akishika mimba bado mdogo, nyonga ni nyembamba, mtoto anakwama. Unapoteza wote wawili.

Tufanye nini?
1. Kwenye miezi 3, tenga madume na majike. Kama kuna kibanda kimoja tu, funga dume mbali kwa kamba.
2. Chagua wa kuzalisha: mama yake anazaa vizuri na ana maziwa, korodani zote mbili zimeshuka, zinalingana na ni ngumu kidogo. Mwenye korodani moja tu, mnenepeshe umuuze.
3. Wengine wahasiwe na veterineri kwa koleo, bila kidonda. Waendelee kutengwa wiki kadhaa, juu mbegu zinabaki ndani.
4. Dume aanze kazi kwenye mwaka 1, na majike wachache. Akikomaa kabisa anatosha majike 20 hadi 30.
5. Akiugua homa kali, usiseme haraka ni tasa. Mbegu mpya zinahitaji karibu miezi 2.

Hesabu ya kukumbuka
Mimba ni miezi 5. Binti anaweza kuingia joto kwenye miezi 5 au 6. Basi, miezi 10 tu baada ya kupanda mara ya kwanza, dume anaweza kukutana na binti yake! Kabla ya hapo, badilishaneni madume na koperative ya kijiji kingine. Dume mgeni akae peke yake wiki 3, tena msipokee dume kutoka kundi ambalo majike wanatupa mimba.

Katika mkutano ujao, kila mmoja alete tarehe mbili: dume wake alizaliwa lini, na alianza kupanda lini. Tutapanga kubadilishana kutokea hapo.