Anza na Sakafu: Siku Moja Stax, Memphis

Wageni wengi wa Memphis, jimbo la Tennessee, hukimbilia nyumba ya Elvis Presley. Kama una siku moja tu, chukua teksi uende kusini mwa mji, namba 926 East McLemore Avenue, ilipokuwa studio ya muziki ya Stax na ambapo sasa pana makumbusho. Tenga saa tatu. Mbili hazitoshi.

Ndani utapokewa na kanisa: jengo dogo la mbao la mwaka 1906, lililong'olewa Mississippi na kusimamishwa upya humu. Usilipite mbio. Sauti nyingi za muziki wa soul zilikomaa kwenye kwaya kabla hazijakutana na maikrofoni.

Ukifika studioni, tembea polepole mpaka miguu ihisi mteremko. Mwaka 1960 Jim Stewart, mfanyakazi wa benki aliyepiga fidla, alipanga hapa sinema iliyofungwa, pamoja na dada yake Estelle Axton, aliyekuwa ameweka nyumba rehani ili wapate kinasa sauti. Viti viling'olewa, sakafu ikabaki inainama vilevile, na mwangwi wa chumba hicho ukaingia katika kila santuri. Bendi ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilichanganya weusi na weupe katika mji uliotenga watu kwa rangi. Otis Redding alikuja mwaka 1962 akiwa dereva wa mwanamuziki mwingine; kikao kilipokaribia kwisha, akapewa nafasi ya kuimba. Palipouzwa peremende Estelle alifungua duka la santuri, na vijana wa mtaa wakamfundisha wimbo upi utauzika.

Ujue, lakini, kwamba jengo hili si lile lenyewe. Redding alikufa katika ajali ya ndege Desemba 1967. Mwaka uliofuata mkataba na kampuni ya santuri ya Atlantic ukawapokonya Stax haki za santuri zao za awali. Mwaka 1975 wakafilisika. Studio ilibomolewa 1989. Hilo linaniuma hadi leo. Makumbusho yalijengwa palepale, yakafunguliwa 2003, na mteremko ukarudishwa.

Jirani kuna Stax Music Academy, ambako vijana hujifunza muziki baada ya masomo.

Alasiri nenda Lorraine Motel, alipouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Wanamuziki wa Stax walikuwa wakikutana humo kutunga nyimbo. Siku hizi ni makumbusho ya haki za raia. Ulizia mapema siku za kufungwa.