Somo la 8: Uhuru wa Jirani Tusiyekubaliana Naye

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Law. 10:1–11, Mwa. 1:29, Rum. 13:1–7, Mdo 5:27–29, Mt. 7:12, Dan. 1:8–16, Lk. 9:51–56, Mdo 8:14–17.

Fungu la Kukariri: Mathayo 7:12. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, kisha mtaje jirani mmoja ambaye imani yake si yako.

Katika mkoa wa Morogoro bangi si habari ya mbali. Imelimwa kwa siri katika mabonde na miteremko ya milima, na mara kwa mara maofisa wa serikali wamepanda huko kuifyeka na kuiteketeza. Wapo wazazi makanisani mwetu waliowaona vijana wao wakiharibika akili kwa moshi huo. Kwa wazazi hao, neno “bangi” ni jeraha.

Lakini yupo pia mtu mwingine. Ana nywele ndefu zilizosokotwa, anauza vinyago sokoni, na anasema yeye ni Rastafari. Kwake, asema, bangi si starehe. Ni sehemu ya sala. Je, serikali ikimkamata, imemzuia kuabudu? Au imezuia kosa tu?

Majibu mawili hutoka upesi vinywani mwetu. La kwanza: “Afungwe, anachokifanya ni dhambi.” La pili: “Mwacheni, kila mtu na dini yake.” Juma hili tutaona kwamba majibu yote mawili ni mafupi mno, na kwamba jambo hili linaigusa Sabato yetu wenyewe kuliko tunavyodhani.

JUMAPILI: Moto wa Kigeni

Soma Mambo ya Walawi 10:1–11. Nadabu na Abihu walikosa nini? Ni agizo gani Mungu alimpa Haruni mara tu baada ya msiba ule?

Nadabu na Abihu hawakuwa wapagani. Walikuwa makuhani, wana wa Haruni, na walikuwa ndani ya ibada. Walifukiza uvumba, lakini kwa moto ambao Bwana hakuwaagiza. Kisha, wakati majonzi hayajatulia, Mungu anamwambia Haruni kwamba yeye na wanawe wasinywe divai wala kileo wanapoingia katika hema ya kukutania. Sababu imetajwa: wapate kupambanua kati ya kitakatifu na kisicho kitakatifu, na kuwafundisha watu.

Hapa pana msingi wa msimamo wetu. Kuabudu kunahitaji akili iliyo macho. Roho Mtakatifu husema na mtu kupitia akili yake. Kinachoipumbaza akili hakiwezi kuwa mlango wa kumfikia Mungu. Ndiyo maana katika Meza ya Bwana tunatumia maji ya zabibu yasiyochacha, na ndiyo maana kanuni ya 22 kati ya kanuni zetu 28 za imani inatutaka tujiepushe na kileo, tumbaku na matumizi mabaya ya dawa za kulevya. Miili yetu ni hekalu (1 Kor. 6:19, 20).

Warastafari wengi hutaja Mwanzo 1:29, mahali Mungu anapompa mwanadamu kila mche utoao mbegu. Tuwajibu kwa upole: fungu lile lasema miche hiyo itakuwa chakula, nalo lilinenwa kabla dhambi haijaingia na miiba haijaota. Si kila kinachoota kinafaa kumezwa au kuvutwa. Tumbaku nayo ni mmea.

Swali la kwanza, basi, lina jibu: je, njia hii ni ya kweli mbele za Mungu? Kwa mwanga wa Maandiko tunasema hapana. Lakini lipo swali la pili, nalo si lile lile: je, ni kazi ya nani kumwadhibu anayekosea katika ibada yake?

JUMATATU: Mipaka ya Kaisari

Soma Warumi 13:1–7 na Matendo 5:27–29. Mafungu haya mawili yanapatanaje?

Paulo anasema mamlaka ni mtumishi wa Mungu. Petro anasema kuna mahali amri ya mamlaka inafika ukingoni. Wote wawili waliongozwa na Roho mmoja. Serikali ina haki ya kulinda uhai, mali na amani ya watu. Haina haki ya kuamua nani aabudiwe, na jinsi gani.

Katiba ya Tanzania inalitambua jambo hili. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu kuamini dini anayoitaka na kuibadili. Lakini Ibara ya 30 inaruhusu sheria zinazolinda usalama, afya na maadili ya jamii. Nayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia bangi, na adhabu zake ni nzito. Mkristo wa Tanzania anaitii sheria hiyo bila manung’uniko. Haimlazimishi kutenda dhambi yoyote, na inawakinga watoto wake.

Hata hivyo, tusichanganye sheria ya nchi na sheria ya Mungu. Chukua mfano wa mirungi. Tanzania ni dawa ya kulevya, na mashamba yake huko Same yamefyekwa na maofisa. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, mmea ule ule ni zao halali la biashara. Dhambi haibadiliki mtu anapovuka mpaka; sheria ya nchi hubadilika. Mfano mwingine: mwaka 1919 Marekani ilipitisha sheria ya kutekeleza marufuku ya pombe nchi nzima, lakini sheria hiyo hiyo iliacha nafasi kwa divai ya ibada. Watunga sheria walipima mambo mawili, madhara ya kileo na dhamiri ya waabuduo, wakatafuta njia kati yake.

Fikiria: Kama serikali ingepiga marufuku kitu ambacho wewe unakitumia katika ibada, ungetaka ipime mambo gani kabla ya kukuadhibu?

JUMANNE: Mwanamke Msabato na Wala Peyote

Soma Mathayo 7:12. Kanuni hii inatuongozaje tunapofikiri juu ya haki za watu wa dini nyingine?

Adell Sherbert alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika jimbo la South Carolina, Marekani. Mwaka 1957 alijiunga na Kanisa la Waadventista Wasabato. Miaka miwili baadaye kiwanda kilitaka wafanyakazi wafike Jumamosi pia. Alikataa, akafukuzwa. Jimbo likamnyima mafao ya wasio na kazi, likisema amekataa kazi bila sababu ya haki. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya nchi, naye akashinda mwaka 1963. Mahakama ilisema kwamba serikali ikitaka kumtwika mtu mzigo kwa sababu ya dini yake, sharti ioneshe sababu nzito sana ya kufanya hivyo. Kwa miaka mingi watu wa dini nyingi walisimama chini ya mwavuli wa mama huyo Msabato.

Baadaye wakaja watu wawili wa jimbo la Oregon, Alfred Smith na Galen Black. Walifukuzwa kazi kwa sababu walikula peyote, aina ya dungusi kakati inayolevya, katika ibada ya kanisa la Wamarekani wa asili. Nao pia walinyimwa mafao. Wakasema: tupimwe kwa kipimo kile kile cha Sherbert. Mwaka 1990 mahakama ilikataa. Ilisema kwamba sheria ikiwa inawahusu watu wote sawasawa, mtu wa dini hawezi kudai aachwe nje, hata kama sheria hiyo inaizuia ibada yake.

Hapo ndipo Waadventista wengi waliposhtuka. Hawakuwa na haja na peyote. Lakini kama kipimo kimeanguka kwa wala peyote, kimeanguka pia kwa watunza Sabato, kwa maana “sheria inayowahusu watu wote” yaweza kuwa ratiba ya kazi au ya mtihani wa Jumamosi. Kanisa letu likaungana na makanisa na dini nyingine nyingi kudai ulinzi urudishwe, na mwaka 1993 sheria ya kurudisha uhuru wa dini ilitiwa sahihi.

Tazama jambo hili vizuri. Watu wasioonja hata chai walitetea sheria ambayo ingewakinga pia watu wa peyote. Hawakusema kwamba peyote ni njema. Walisema kwamba dhamiri ya mtu si kitu cha kukanyagwa bila sababu nzito.

JUMATANO: Nairobi na Cape Town

Soma 1 Wakorintho 10:29 na Warumi 14:4, 12. Ni nani mwenye hukumu ya mwisho juu ya dhamiri ya mtu?

Mambo haya hayako Marekani peke yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kilio cha Kanisa letu kuhusu wanafunzi Wasabato waliolazimishwa kuwa katika shughuli za shule siku ya Jumamosi. Tulishukuru. Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, msichana Mrastafari aliyezuiwa kuingia darasani kwa ajili ya nywele zake alipata haki katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo hiyo. Jaji alisema Urastafari ni dini, na kwamba mtoto asinyimwe elimu kwa ajili ya imani yake. Mtoto wetu na mtoto wao walikingwa na katiba ile ile.

Mwaka 2021 chama cha Warastafari wa Kenya kilipeleka ombi zito zaidi: wasishtakiwe wanapotumia bangi kwa ibada, majumbani na mahali pao pa kuabudia. Hapa wengi wetu tunasita, na kusita huko kuna sababu. Nywele hazimdhuru mtu. Bangi yaweza kudhuru, hasa kijana ambaye akili yake bado inakua.

Afrika Kusini mahakama ililipima jambo hilo hilo. Gareth Prince, Mrastafari aliyesoma sheria, alizuiwa kuwa wakili kwa sababu alikuwa amehukumiwa kwa bangi na alisema hataiacha. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilimkatalia, lakini majaji waligawanyika, watano kwa wanne. Mwaka 2018 mahakama hiyo iliruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani, ila kwa hoja ya haki ya faragha, si ya dini.

Majaji wenye elimu na nia njema hawakukubaliana. Nasi tunaweza kutofautiana katika darasa la Shule ya Sabato juu ya mahali hasa pa kuweka mpaka. Lakini kipimo chetu kiwe kimoja kwa wote. Madhara yahesabiwe kwa kweli, si kwa chuki, watoto walindwe, na mwenye imani ngeni asikilizwe kama tunavyotaka tusikilizwe sisi.

ALHAMISI: Milimani Uluguru, na Kule Samaria

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alilikataaje jambo bila kumdharau aliyempa?

Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Siku ya tambiko, pombe humiminwa kwa ajili ya wahenga na kikombe huzungushwa. Mpwa aliyebatizwa hufanya nini? Asitukane wala asikimbie ukoo. Aweza kusema: “Shikamoo, mjomba. Nakuheshimu, nami nitafika. Nitateka maji, nitapasua kuni, nitapika. Ila kikombe hiki naomba uniache nacho, maana nimempa Mungu mwili wangu, na ibada yangu ni yake peke yake.” Hiyo ndiyo namna ya Danieli. Na anayeomba aachiwe dhamiri yake mbele ya mjomba, awezaje kumnyima jirani kusikilizwa?

Lakini uhuru si kificho cha uovu. Ndugu akitaka kupanda bangi katikati ya mahindi yako huko mlimani, kwa jina la dini au la fedha, mkatalie waziwazi. Sheria humshika pia anayeruhusu shamba lake litumike, na mbele za Mungu unakuwa mshiriki wa kumdhuru mtoto wa mwenzako.

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana walitaka nini, na Yesu alijibuje?

Wasamaria walikosea katika ibada, Yesu mwenyewe alimwambia mwanamke kisimani kwamba waabudu wasichokijua (Yn. 4:22). Hata hivyo aliwakemea wanafunzi waliotaka moto ushuke. Sasa soma Matendo 8:14–17. Yohana yule yule anarudi Samaria, safari hii ili kuwaombea wapokee Roho Mtakatifu. Laiti moto ungalishuka siku ile, asingekuta mtu wa kuombea.

Fikiria: Yuko wapi “Msamaria” ambaye umekuwa ukimtakia moto?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mathayo 13:24–30, 36–43. Bwana anasema ngano na magugu viachwe vikue pamoja hata mavuno. Hakusema magugu ni ngano. Alisema watumwa wasiyang’oe, wasije wakang’oa ngano pamoja nayo. Serikali ina kazi yake kwa mwivi, mwuaji na mwuza sumu. Lakini kupambanua ibada ya kweli na ya uongo kwa nguvu ya upanga hakukukabidhiwa kwake, wala kwa Kanisa.

Tuna ujumbe kwa mtu wa bangi. Tumwambie habari za hekalu la mwili na za Roho anayetoa furaha isiyo na uchungu wa kesho. Tukae naye, kama ameshikwa na uraibu, tumsindikize hospitali. Ujumbe huo hauingii vizuri masikioni mwa mtu aliyetuona tukishangilia pingu zake.

Maswali ya Kujadili:

1. Eleza tofauti kati ya kusema “hili ni dhambi” na kusema “hili liadhibiwe na serikali.” Taja dhambi ambazo serikali haziadhibu, na ueleze kwa nini ni vema iwe hivyo.

2. Mzazi katika darasa lenu amepoteza kijana kwa ajili ya bangi. Mtalifundishaje somo hili bila kuyadharau machozi yake?

3. Kijana Mrastafari anaomba kuketi nanyi Sabato ijayo, akiwa na nywele zake. Atapokelewaje mlangoni? Nani atakaa karibu naye?

4. Kama mtihani wa taifa ungepangwa Jumamosi, mngewaomba jirani wa dini gani wawasemee? Je, ninyi mmewahi kuwasemea?