SOMO LA KAZI: UBAO HUU NI WA MTI GANI?



Katika karakana moja tuliyofanyia kazi lilikuja lori la mbao zisizo na jina. Msimamizi akasema ni mkangazi, nasi tukapasua. Siku ya tatu wenzetu wawili walikuwa wakikohoa na kuwashwa macho na mikono. Tulipodai matibabu, tajiri alijibu kwamba mkangazi haujamdhuru mtu. Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu hatukujua tumepasua nini.

Basi tujifunze. Rangi ya nje usiitegemee, maana jua na mvua hugeuza kila ubao kuwa wa kijivu. Piga randa upande mmoja, kisha nenda kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa kwa kukingama. Huko ndiko kwenye siri. Msumeno huparuza na kuficha kila kitu, kwa hiyo chukua kisu kikali kama wembe, lainisha sehemu ya upana wa kidole, ilowanishe kwa maji, uitazame juani. Kioo cha kukuzia mara kumi kitakusaidia sana.

Usipoona tundu hata moja, ila pete za ukuaji na harufu ya utomvu, huenda ni msonobari. Yakiwapo matundu, tazama yamezungukwa na nini. Katika mvule kila tundu lina weupe uliotanuka pande mbili kama mabawa, na pengine mabawa hushikana yakawa mistari mifupi. Katika mkangazi mabawa hayo huyaoni. Tena mvule uliokatwa sasa hivi ni wa manjano, kisha hugeuka kahawia. Mkangazi una wekundu tangu mwanzo. Mvule pia huficha ndani yake mawe ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno. Jihadhari nayo.

Uzito na harufu navyo husema. Mpingo huzama majini. Msaji huteleza mkononi kama uliopakwa mafuta, na hunuka kama ngozi. Wazee wengine huonja ubao kwa ulimi, sisi hatushauri. Na ninyi wa mashambani mnaookota vipande vya nguzo kwa kuni: nguzo yenye ukijani mara nyingi imetiwa dawa yenye aseniki. Usiichome jikoni.

Majina nayo hubadilika mpakani. Mvule huuzwa Kongo kwa jina la kambala, na Ulaya huitwa iroko. Kwa hiyo kila karakana iweke vipande vya miti inayojulikana kwa hakika, vimeandikwa majina, ili kipande kigeni kilinganishwe navyo. Hata hivyo jicho peke yake mara nyingi huishia kwenye ukoo wa mti.

Sisi tulikuta mabawa. Tuliandika tarehe na namba ya mashine juu ya kipande, tukakipeleka kwa bwana misitu, naye akathibitisha: mvule. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Hata ungekuwa mkangazi, jibu la tajiri lilikuwa bovu, kwani tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limehesabu vumbi la mbao kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Daktari aliandika jina la mti kwenye cheti. Wenzetu wakahamishwa kutoka kwenye msumeno bila kupunguziwa mshahara. Barakoa zilifika baada ya miezi miwili.