Kupima Nguvu za Magari ya Zamani kwa Siku Moja

Huko Uingereza, wenye magari ya zamani ya spoti, kama MGB iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, hukodi kwa pamoja karakana yenye dainamometa. Kila gari hufungwa kwa mikanda imara, nalo huzungusha rola kwa magurudumu ya nyuma. Tairi zilizochakaa hukataliwa, maana zaweza kupasuka.

Chombo hupima kani na mwendo. Kani ikiwa nyutoni 1,500, na mwendo wa rola mita 30 kwa sekunde, nguvu ni 1,500 × 30, yaani wati 45,000, au takriban nguvu za farasi 60. Mwenye MGB asihuzunike akikumbuka zile 95 za kiwandani: hizo zilipimwa kwenye injini yenyewe, kabla ya giaboksi, ekseli na tairi kutoza ushuru.

Ugomvi hasa huletwa na saa. Shinikizo likiwa lile lile, lita moja ya hewa yenye nyuzi 25 za Sentigredi ni nyepesi kwa asilimia 5 hivi kuliko ile ya nyuzi 10. Gari la adhuhuri hupata oksijeni pungufu. Kwa hiyo joto na shinikizo huandikwa kila mara, na gari la kwanza hupimwa tena jioni.