Jifunze Biashara: Ununue Rimu Ngapi za Karatasi kwa Mara Moja?

Wakazi wanaoendesha saiba, maduka ya kutoa kopi na ofisi za vikundi huuliza: je, ni afadhali kununua karatasi kidogo kidogo au kwa jumla? Bei pekee haitoshi kutoa jibu. Kuna gharama mbili zinazovutana.

Ya kwanza ni ya kununua: nauli, bodaboda ya mzigo na muda unaopotea. Hupanda ukinunua mara nyingi. Ya pili ni ya kuweka: pesa zilizolala stoo, nafasi, na karatasi zinazoharibiwa na unyevu, panya au mchwa. Hii hupanda ukirundika nyingi.

Tuchukue mfano. Duka linatumia rimu 240 kwa mwaka. Kila safari ya kununua hugharimu Sh400, na kuweka rimu moja mwaka mzima Sh120. Kwa kuwa karatasi huisha polepole, stoo huwa na wastani wa nusu ya kiasi kilichonunuliwa.

• Rimu 10 kila mara: safari 24, Sh9,600; kuweka Sh600. Jumla Sh10,200.
• Rimu 40: safari 6, Sh2,400; kuweka Sh2,400. Jumla Sh4,800.
• Rimu 120: safari 2, Sh800, kuweka Sh7,200. Jumla Sh8,000.

Rimu 40, yaani katoni 8 za rimu tano tano, ndicho kiasi nafuu. Jumla huwa ndogo zaidi pale gharama hizo mbili zinapolingana.

Je, muuzaji akikupa punguzo ukichukua rimu 120? Kiasi hicho kinakuongezea gharama ya Sh3,200 kwa mwaka. Gawanya kwa rimu 240: ni zaidi kidogo ya Sh13 kwa rimu. Punguzo la Sh10 litakutia hasara. La Sh20 lina faida.

Kabla ya kulipa, hakikisha unalinganisha bidhaa sawa. Rimu kamili ina karatasi 500. Ya A4 ya gramu 80 huwa na uzito wa takriban kilo 2.5. Ikiwa nyepesi sana, huenda karatasi zimepungua au ni nyembamba.

Bei na nauli hutofautiana kutoka wadi hadi wadi. Andika takwimu za duka lako, piga hesabu hii, kisha ndipo uagize.