Somo kwa Walimu wa Watoto: Vitabu vya Picha juu ya Urafiki wa Wanyama Wasiofanana

Ninyi walimu mliopewa kazi ya kufundisha watoto wadogo, katika somo hili twataka kueleza habari za vitabu vya picha vinavyosimulia urafiki wa wanyama wasiofanana: simba na panya, panya na nyangumi, kiboko na kobe. Watoto huvipenda sana vitabu vya namna hii. Na kwa kuwa watoto huvipenda, wako watu wazima wanaodhani kwamba ni vitu vya mchezo tu, vya kuwanyamazisha wadogo wakati wakubwa wanapozungumza. Sivyo. Mtoto asiyejua hata herufi moja husoma picha kwa macho makali kuliko mzee, na jambo aliloliona kwa picha hukaa moyoni mwake miaka mingi. Basi yatupasa kujua vitabu hivi vyafundisha nini, na sisi tuvifundishe kwa njia gani.

Neno moja twataka lishikwe tangu mwanzo: urafiki wa wasiofanana hauondoi tofauti zao. Panya hubaki panya, na nyangumi hubaki nyangumi. Mwalimu afichaye tofauti hiyo, au akataye mwisho wa hadithi kwa sababu una majonzi, huwanyima watoto sehemu iliyo bora ya kitabu.

1. Ngano zetu za zamani

Kwanza tukumbuke kwamba watoto wetu hawaji kwetu mikono mitupu. Wamekwisha kusikia kwa bibi zao ngano za wanyama, na katika ngano hizo urafiki wa wasiofanana mara nyingi huishia katika hila. Watu wa pwani wanajua kisa cha kima na papa. Kima alikaa juu ya mti uliotandaza matawi yake juu ya bahari, akawa akimtupia papa matunda kila siku, hata wakawa marafiki. Kisha papa akamchukua mgongoni, kumbe nia yake ni kumpeleka kwa sultani aliye mgonjwa, atolewe moyo uwe dawa. Kima akaokoka kwa akili yake, akisema kwamba moyo ameuacha mtini. Kisa hiki kiliandikwa katika kitabu cha ngano za Unguja alichokitoa Edward Steere mwaka 1870, nacho kina ndugu yake wa zamani sana kule Uhindi, ambako mahali pa papa yuko mamba.

Ngano hiyo ni njema, maana yamfundisha mtoto kujihadhari. Walakini mtoto aliyefundishwa kujihadhari tu atamwogopa kila mtu asiye wa nyumba yake. Hapo ndipo vitabu tunavyovisema vinapokuja kutimiza upande wa pili. Tutavitaja vitatu.

2. Simba na Panya

Cha kwanza ni kitabu cha Jerry Pinkney, mchoraji Mwafrika wa Marekani, kilichotoka mwaka 2009. Habari yenyewe ni ya kale, ni moja katika ngano za Aesop Myunani: simba alimkamata panya, akamwacha aende zake, baadaye simba akanaswa, na yule panya akaja akazitafuna kamba, akamfungua. Lakini Pinkney ameipeleka hadithi hii Serengeti, katika nchi ya Tanzania, akachora nyasi zake, miti yake na wanyama wake. Mwaka 2010 alipewa kwa kazi hiyo nishani ya Caldecott, ambayo huko Marekani hupewa mchoraji wa kitabu cha picha kilichoshinda vingine vya mwaka.

Ajabu ya kitabu hiki ni kwamba hakina maneno ya kusimulia. Mna milio ya wanyama tu, na sauti kama ile ya kamba inayotafunwa. Hata jalada la mbele halina jina. Mna uso wa simba peke yake, akitazama kando. Kwa sababu hiyo kitabu hiki hakina lugha ya kigeni. Mchagga ataweza kukisimulia kwa Kichagga, Mhaya kwa Kihaya, na mtoto mwenyewe ataweza kumsimulia mwenzake. Mwalimu hana haja ya kutafsiri, ana haja ya kuuliza tu: Waona nini hapa?

Funzo lake ni hili: mkubwa asimdharau mdogo, maana siku ya haja haijulikani. Tena angalieni kwamba panya hakulipa deni lake kwa kuwa simba. Hakunguruma, wala hakupigana na wawindaji. Alitumia meno yake madogo, na ni udogo wa meno hayo uliomwokoa mfalme wa mwitu.

3. Panya na Nyangumi

Cha pili kilitungwa na kuchorwa na William Steig mwaka 1971, nacho chaitwa kwa majina ya hao wawili, Amos na Boris. Amos ni panya aliyejiundia chombo akasafiri baharini. Usiku mmoja alipokuwa akizitazama nyota kwa furaha, akateleza akaanguka majini, chombo kikaenda zake. Alipokuwa karibu kuzama akatokea nyangumi, Boris, akamchukua mgongoni siku nyingi mpaka pwani ya kwao. Njiani walizungumza sana, wakapendana. Lakini walipofika hawakuwa na namna ya kukaa pamoja, maana mmoja hawezi kuishi majini na mwingine hawezi kuishi nchi kavu. Wakaagana.

Ikapita miaka mingi. Dhoruba kuu ikamtupa Boris pwani, na ngozi yake ikawa inakauka juani. Amos akamwona. Panya atawezaje kumsukuma nyangumi? Hakujaribu hata kidogo. Alipiga mbio akaleta ndovu wawili, nao wakamsukuma Boris mpaka akarudi majini. Kisha wakaagana tena, na safari hii walijua kwamba pengine hawataonana kamwe, wala hawatasahauliana kamwe.

Kiwekeni kisa hiki karibu na kile cha kima na papa. Katika vyote viwili mnyama wa nchi kavu abebwa mgongoni na mnyama wa bahari. Huko mgongo ulikuwa mtego, huku mgongo ni wokovu. Mtoto akipewa visa vyote viwili atajifunza kwamba mgongo wa mgeni waweza kuwa hivi au vile, na kwamba mtu hupimwa kwa matendo yake, si kwa umbo lake. Hilo ni funzo kamili kuliko kila kisa peke yake.

4. Kiboko na Kobe

Cha tatu si ngano, ni habari ya kweli, tena ya pwani ya Kenya. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 viboko walichukuliwa na mto Sabaki mpaka baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 ya mwezi huo yakaja yale mawimbi makuu yaitwayo tsunami, yaliyotoka katika tetemeko la nchi chini ya bahari karibu na Sumatra. Baada ya hayo akaonekana mtoto mmoja wa kiboko amekwama juu ya mwamba, mama yake hayupo. Watu wa mji na wavuvi wakatoka na nyavu zao. Ilikuwa kazi ngumu, maana mnyama yule alikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, tena mwenye hofu na mwenye nguvu. Walipomkamata wakampa jina la mmoja wa waokoaji, Owen.

Akapelekwa Haller Park huko Bamburi karibu na Mombasa. Mahali hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu, hata René Haller alipoanza kupanda miti mnamo mwaka 1971, pakawa msitu wenye wanyama. Hapo palikuwa na kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, visiwa vya Ushelisheli, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Jina lake Mzee. Owen alipofunguliwa alimkimbilia kobe huyo akajificha nyuma yake. Mzee hakumpokea kwa furaha. Alitoa sauti ya hasira, akajikokota akaenda zake. Owen akamfuata. Akaondoka tena, akafuatwa tena. Kulipopambazuka walionekana wamelala pamoja. Siku za kwanza Owen hakutaka kula; alianza kula alipomwona Mzee anakula.

Mtoto wa Marekani mwenye umri wa miaka 6, Isabella Hatkoff, aliona picha yao katika gazeti. Yeye na baba yake Craig wakafanya kazi pamoja na Paula Kahumbu, mtaalamu wa wanyama wa Kenya, na Peter Greste aliyepiga picha, wakatoa kitabu mwaka 2006, na cha pili mwaka 2007.

Katika kisa hiki twataka mwalimu akae kitako. Katika kila usharika wetu wako watoto waliofika katika nyumba isiyo yao: yatima, mtoto wa ndugu aliyefariki, mtoto wa mke wa kwanza. Mtoto huyo akitazama picha hizi atajiona mwenyewe. Asiambiwe kwamba Mzee alimpokea mgeni mara moja kwa kicheko. Atajua kwamba si kweli, maana yeye hakupokewa hivyo. Aambiwe ilivyokuwa: siku ya kwanza mwenye nyumba alisogea mbali, na mapenzi yakaja polepole, kwa kula pamoja na kulala pamoja.

Aambiwe na mwisho wake. Owen alikua, akawa mkubwa na mwenye nguvu kupita kiasi kwa kobe mzee. Basi mnamo mwaka 2007 akatengwa na Mzee, akawekwa pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo, ajifunze maisha ya viboko. Wako walimu wafungao kitabu kabla ya kusema neno hilo, wakihofu machozi. Lakini mtoto aliyeachana na bibi yake aliyemlea anahitaji sana kulisikia. Kutengana hakukuyafanya yale yaliyotangulia kuwa uongo. Mzee alimtunza Owen wakati alipohitaji kutunzwa, na kazi hiyo ilikwisha vema.

5. Mambo matatu ya kuangaliwa

Kwanza, msiwafundishe watoto kwamba kiboko ni mpole. Kiboko huua watu kando ya mito na maziwa yetu. Mtoto wa mvuvi anayeteka maji kila asubuhi asitoke darasani akidhani aweza kumkaribia. Mwambieni wazi: wavuvi wa Malindi walikuwa wengi, tena walikuwa na nyavu.

Pili, msigeuze habari hizi kuwa utimilifu wa unabii wa Isaya, ile sura ya 11. Kiboko na kobe wote wawili hula majani. Hakuna aliyekuwa chakula cha mwenziwe. Mahali penye mla na mliwa mambo huwa mengine. Huko Samburu, mwanzoni mwa mwaka 2002, simba jike aliyeitwa Kamunyak, maana yake mbarikiwa, alionekana akimlinda ndama wa choroa kama mwanawe. Watu wakastaajabu. Lakini simba hakuwa na maziwa ya kumfaa ndama, naye mwenyewe alidhoofika kwa njaa kwa sababu hakumwacha aende kuwinda. Mwishowe simba mwingine akamla yule ndama. Mapenzi yasiyo na maziwa hayamlei mtoto. Amani aliyoitazamia nabii bado ni ya kungojewa. Tusiwaambie watoto kwamba imekwisha kufika.

Tatu, msiwape wanyama mioyo ya wanadamu. Mtoto wa kiboko hukaa na mama yake miaka kadhaa, na yadhaniwa kwamba Owen aliliona gamba la kobe, kubwa, la mviringo, la kijivujivu, akamkumbuka mamaye. Hilo latosha kuwa la ajabu. Wavuvi ndio waliochagua kutenda mema, maana wangeweza kukaa pwani wakitazama.

6. Njia ya kufundisha

Shikeni kitabu mbele ya kifua, picha ziwaelekee watoto, wala msifunue ukurasa kwa haraka. Kwanza watazame kimya. Kisha waulizeni wanaona nini. Baada ya hapo ndipo msimulie. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, kisomeni ninyi nyumbani, mkisimulie kwa maneno yenu. Darasa lisilo na kitabu lisikose somo: mwalimu achore kobe na kiboko ubaoni, au watoto wafinyange kwa udongo.

Maswali ya kuzungumza na watoto:

1. Panya alimfanyia simba nini ambacho simba hakuweza kujifanyia?
2. Kwa nini Amos hakujaribu kumsukuma Boris mwenyewe? Aliwaita nani?
3. Papa na Boris wote walimbeba mwenziwe mgongoni. Walitofautiana kwa nini?
4. Mzee alifanya nini siku ya kwanza? Na asubuhi yake?
5. Je, Owen na Mzee walikosa kuwa marafiki kwa sababu walitengwa?
6. Nani amekuja kukaa nyumbani kwenu au karibu nanyi mwaka huu? Mmekula naye pamoja?

Swali la 6 lisijibiwe kwa sauti mbele ya wote. Mwacheni kila mtoto aende nalo nyumbani.