Weupe katika Mboni ya Jicho la Mtoto

Saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo huitwa retinoblastoma. Huanzia kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na aghalabu hugunduliwa kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Mwanzoni haiumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mboni huonekana nyeupe kama jicho la paka usiku, hasa penye mwanga hafifu au katika picha ya simu. Wengine huanza kwa makengeza.

Si kila weupe ni saratani. Mtoto wa jicho pia huuleta, nao kwa mtoto mchanga haufai kungojewa. Zahanati hutoa rufaa kwa daktari bingwa wa macho, ambaye humpa mtoto dawa ya usingizi na kuyachunguza macho yote mawili. Uvimbe haukatwi kipande cha kupimwa, kwani seli zake huweza kusambaa.

Uvimbe mdogo hutibiwa kwa leza, kwa kugandishwa au kwa dawa za saratani. Ukishalijaza jicho, mara nyingi hulazimu litolewe. Neno hilo huwatisha wazazi, na wapo wanaomrudisha mtoto nyumbani wakatafute dawa ya kienyeji. Ni katika miezi hiyo saratani huweza kufuata mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Aliyetolewa jicho mapema huwekewa la bandia, akaenda shule na wenzake. Wadogo zake nao wapelekwe kupimwa, maana ugonjwa huu huweza kurithiwa.